Maswali ninayoulizwa tangu nihame Instagram na Facebook

Tovuti hii ni ya majina ya kanga. Naipiga kanga picha, naandika jina lake, rangi za pindo na mji, mwaka kama mwenyewe anaukumbuka, kisha maneno ya aliyeivaa. Zamani kazi hii ilikuwa Instagram na Facebook, sasa iko hapa tu. Wanaoniuliza habari za kuhama wamekuwa wengi kuliko wanaouliza habari za kanga, nami nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kila mtu. Maswali nimeyaweka kama yalivyokuja, mengine kwa ukali wake.

Umegombana na nani huko?

Sijagombana na mtu. Nilichoka kuona kazi inazama. Kanga niliyoiweka Ijumaa, ikifika Jumatatu hakuna wa kuiona tena. Mtu akiuliza "ile ya *Japo sipati tamaa sikati* uliiweka lini?", mimi mwenyewe nilikuwa nakaa nikiteremsha ukurasa kwa kidole mpaka bando linakata. Hakuna faharasa wala mpangilio. Kuna cha leo tu, na cha leo chenyewe hupangwa na mashine inayoamua nani akione.

Na hiyo mashine ina ladha yake. Kanga ya kijembe, tuseme *Hasidi hana sababu*, inakusanya laiki na komenti mpaka usiku, watu wanatajana majina humo chini. Ya *Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu* inapita kimya kama haikuwekwa. Ukikaa huko muda mrefu, mkono wenyewe unaanza kuchagua vijembe. Mtu atakayeitazama kazi yako baada ya miaka kumi atadhani wanawake wa pwani walivaa matusi tupu, wala hatajua kwamba kanga hizi zilitolewa harusini, zilimpokea mtoto mchanga, zilimfunika maiti.

Lipo na la tatu. Mwaka 2023 wafanyakazi zaidi ya 180 waliokuwa Nairobi wakichuja video za ukatili kwa niaba ya Facebook walikwenda mahakamani, wakipinga kuachishwa kazi na wakieleza walivyoumizwa akili na yale waliyotazamishwa siku nzima. Sikuhama kwa sababu yao peke yao, ningesema hivyo ningekuwa najipamba. Ila nilipojua kwamba kile kinachotelezeshwa kwa kidole kinasafishwa na vijana wa hapa jirani kwa malipo madogo, ule utamu ulipungua.

Kwa hiyo hata WhatsApp huna?

Ninayo. Kikundi cha ukoo kiko huko, taarifa za misiba ziko huko, michango ya harusi iko huko, na mweka hazina wa kamati hasikilizi falsafa za mtu. WhatsApp ni ya kampuni ile ile ya Facebook, najua. Mimi naitumia kama simu, kwa kuongea na watu ninaowafahamu. Kazi siiweki humo, na hali ya "status" siigusi. Ukitaka kuwa msafi kuliko mimi, hongera, lakini usimwambie shangazi yako akutafute kwa programu asiyoijua siku mtu amelazwa.

Ukurasa wa Facebook si tovuti pia? Tofauti iko wapi?

Jaribu jambo moja. Chukua simu ya mtu asiye na akaunti, fungua ukurasa wako wa Instagram kwenye brauza. Ataona picha chache, kisha kitatokea kibao kinachomtaka ajiunge. Basi. Babu yako hana akaunti, mwalimu wako hana, mtafiti wa chuo anayetafuta kitu saa nane usiku hana haja ya kuwa nayo. Wote hao umewafungia mlango bila kukusudia.

Tovuti haina mlango huo. Kila kanga hapa ina ukurasa wake wenye anwani yake, na anwani haibadiliki. Unaweza kuiandika kwenye karatasi, ukaituma kwa ujumbe wa kawaida, ukaisoma redioni.

Kisha kuna suala la kufa. Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, na mamilioni ya kurasa za watu zikaondoka nayo. MySpace ilikiri mwaka 2019 kwamba imepoteza muziki, picha na video zilizopandishwa kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo, eti katika kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi faili. Google+ ilifungwa mwaka huo huo, mwezi Aprili. Twitter haikufungwa, ilinunuliwa Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 hata jina likabadilishwa kuwa X. Wenye akaunti hawakuulizwa kitu.

Tarehe 4 Oktoba 2021 wengi mnaikumbuka. Kuanzia saa kumi na mbili jioni na kitu hapa kwetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, kwa sababu kampuni yenyewe iliharibu njia za kuifikia mitandao yake katika marekebisho ya kawaida. Wafanyabiashara walilala hawajui oda zao. Tovuti nazo huzimika, sitaki kukudanganya, ila ya kwangu ikizimika ni yangu tu imezimika, na nakala yake iko kwenye flashi kabatini.

Lakini hata jina la tovuti ni la kukodi.

Kweli kabisa, na wanaosema "miliki kiwanja chako mtandaoni" hupenda kulificha hilo. Jina la domeni hulimiliki milele, unalilipia kwa mwaka. Seva nayo ni ya mtu. Faida ni kwamba viwili hivyo vimetenganishwa. Ni sawa na kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba: ukichoshwa na mwenye seva, unabeba faili zako, unazipandisha kwa mwingine, jina unalielekeza huko, na wasomaji hawajui kama umehama. Jaribu kuhama Instagram na wafuasi wako uone.

Inagharimu kiasi gani?

Jina linaloishia na .com ni kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka kwa wasajili wengi, yaani kampuni zinazouza majina. Tanzania kuna .co.tz, .or.tz na pia .me.tz kwa ajili ya watu binafsi, Kenya vivyo hivyo kuna .co.ke na .me.ke, na majina ya .ke yanasimamiwa na KENIC. Faida ya msajili wa hapa nyumbani ni kwamba anapokea malipo kwa simu, huhitaji kadi ya benki.

Mahali pa kuweka faili panaweza kuwa bure. Neocities inakupa gigabaiti 1 bila malipo. GitHub Pages na Cloudflare Pages ni bure kwa tovuti ndogo ya aina hii. Cheti kile cha kufuli kwenye anwani nacho ni bure siku hizi kwa sababu ya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bila malipo, kwa hiyo mtu akikutoza fedha za "SSL" kwa tovuti ya mashairi, muulize vizuri analipia nini.

Angalia mtego mmoja: bei ya mwaka wa kwanza. Utaona tangazo la jina kwa bei ya soda mbili. Teremka chini usome bei ya kuhuisha, maana ndiyo utakayolipa miaka yote inayofuata.

Kuna fundi kaniambia atanifanyia kila kitu. Nimpe?

Mpe kazi, usimpe jina. Domeni isajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako, namba yako ya simu, na nywila uwe nayo wewe. Hili nalisema kwa kurudia kwa sababu naletewa kesi hizi. Fundi anasajili kila kitu kwa barua pepe yake, mnafanya kazi vizuri, kisha anapata ajira mkoa mwingine, hapokei simu. Mwaka unaisha, taarifa ya kulipia inamfikia yeye, jina linaanguka. Mtu mwingine analiokota, ukurasa wa shule ya chekechea unakuwa wa kamari. Fundi mwenyewe wala hakuwa mwizi.

Siku ya makabidhiano, kaa naye. Ingia mwenyewe kwa msajili kwa simu yako, badilisha nywila akiwa anakutazama, mwambie akuonyeshe faili ziko wapi na zinashushwaje. Akikasirika, umeshapata jibu.

Mimi sina kompyuta na sijasomea mambo haya. Naweza?

Unaweza kwa simu. Ukurasa wa wavuti ni faili la maandishi tu, na alama chache zinazosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo. Alama za lazima hazifiki kumi. Mjomba wangu, fundi cherehani, alizijua kwa kutazama tu, akauliza kwa nini watu husomea miaka mitatu. (Wanasomea mengine, mjomba.)

Alama hizo huitwa HTML. Ni za mwanzo wa miaka ya tisini, zilitoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, kwa Tim Berners-Lee, na mwaka 1993 CERN iliiachia dunia itumie wavuti bila kulipa. Nakala ya tovuti yao ya kwanza ipo mpaka leo na inafunguka kwenye simu ya elfu themanini kama inavyofunguka kwenye kompyuta ya milioni tatu. Ndiyo sababu mimi naandika kurasa zangu kwa mkono, bila programu kubwa nyuma yake.

Kama hutaki kabisa kuona alama, tumia WordPress. Ni programu huria tangu 2003, imezagaa, na kila mtaa una mtu anayeijua. Sharti ni uisasishe mara kwa mara, yenyewe na viongezi vyake vyote (vile vijiprogramu vya kuiongezea kazi), la sivyo utaamka ukute tovuti yako inauza dawa za nguvu za kiume.

Nani atanisoma? Facebook nina wafuasi elfu tano.

Wachache. Nalisema mapema usije ukanilaumu. Ukipima kwa idadi, utarudi Facebook kabla ya mwezi kuisha.

Ila jiulize kati ya hao elfu tano wangapi walisoma mpaka mwisho. Na wangapi walikuja kwa sababu walikuwa wanakitafuta hicho ulichoandika?

Nitakupa mfano mmoja. Mama mmoja anayeishi Muscat alikuwa anatafuta kanga ya bibi yake. Alikumbuka nusu ya jina: "...siogopi mtu kwa maneno yake". Akaandika hiyo nusu kwenye Google, ikamleta kwenye ukurasa wa *Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake*. Ukurasa huo ulikuwa umekaa kimya muda mrefu. Akaniandikia barua pepe ndefu: doti ilikuwa ya rangi gani, ilinunuliwa Mombasa, Mtaa wa Biashara, pindoni kulikuwa na maneno "Mali ya Abdulla", na bibi aliivaa siku gani kumjibu nani. Nusu ya barua hiyo, kwa ruhusa yake, sasa iko kwenye ukurasa wenyewe. Komenti elfu za "🔥🔥" hazijawahi kunipa kitu kama hicho.

Ili watu wakupate, fanya haya. Kila ukurasa upe kichwa chenye maneno ambayo mtu angeyatafuta, usiandike "Kanga yangu ya leo". Waambie watu wako anwani kwa mdomo na kwa ujumbe. Na weka RSS. Hiyo ni anwani moja ambayo msomaji anaiweka kwenye programu yake, kisha kila ukiandika kipya, kinamfikia bila mtu wa kati kuamua kama anastahili kukiona. Ipo tangu 1999. Wengi waliisahau Google ilipofunga Reader tarehe 1 Julai 2013, lakini haikufa. Kwenye Android kuna Feeder, bure na bila matangazo. Kwenye iPhone kuna NetNewsWire. Wale wanaosikiliza podikasti wanaitumia RSS kila siku bila kujua.

Kama roho inakuuma kuacha wafuasi wako, kuna njia ya katikati ambayo watu wa IndieWeb, wanaotaka kila mtu awe na tovuti yake, wanaihubiri: andika kwanza kwako, kisha tupa kiungo huko kwenye mitandao. Asili inabaki kwako. Mimi nilijaribu, nikaona najikuta huko tena nikihesabu laiki, nikaacha. Wewe huenda una kifua kuliko mimi.

Nauza nguo Instagram. Unanishauri nifunge?

Hapana! Wateja wako wako huko, na kodi ya fremu hailipwi kwa misimamo. Baki.

Lakini fungua ukurasa mmoja tu wako wenye picha za bidhaa, saizi, namba ya simu, mahali ulipo, na bei. Narudia, bei. Huu ugonjwa wa "bei njoo DM" sijui nani aliuleta. Mteja anauliza bei ya dera, unamjibu inboksi, anayefuata anauliza hilo hilo, unamjibu tena, mwisho wa siku umeandika "35,000" mara arobaini na mauzo ni mawili. Wengine hawaulizi kabisa, wanaogopa kwamba bei itatajwa kwa kuangalia picha yao ya wasifu. Ukiwa na ukurasa wenye bei, kiungo chake unakiweka kwenye maelezo ya akaunti yako, unapumzika. Siku akaunti ikidukuliwa, na zinadukuliwa kila leo, wateja wana pa kukupata.

Nahitaji leseni?

Kwa Tanzania, swali hili usilidharau. Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizowataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni wajisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kulipa. Ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilipita shilingi milioni 2. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala, ilisimamisha huduma kwa muda, na wenye blogu kadhaa wadogo wakazima zao. Kanuni zilitungwa upya 2020, na baada ya hapo zimerekebishwa tena. Kwa hiyo usifuate simulizi za kijiweni wala jibu la mtu aliyefunga blogu yake zamani. Soma toleo linalotumika sasa, waandikie TCRA ueleze kwa kifupi unachotaka kuweka, na jibu lao lihifadhi.

La pili ni watu wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Tovuti yangu ina sura na hadithi za wanawake wengi. Kila mmoja nimemsomea nilichoandika kabla hakijapanda, na akisema niondoe, naondoa bila kuuliza sababu. Sheria isingekuwepo ningefanya hivyo hivyo, maana wengine maneno yao ya kanga yalimlenga wifi ambaye bado yuko hai.

Serikali ikifungia mitandao, tovuti inapona?

Inategemea kimefungwa nini. Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, na kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, ilikuwa inawatoza watu shilingi 200 za Uganda kwa siku kutumia mitandao ya kijamii. Tanzania iliizuia X Mei 2025. Katika visa kama hivyo tovuti binafsi hufunguka kama kawaida, kwa sababu imekaa peke yake na haikulengwa. Intaneti yenyewe ikizimwa, kama ilivyozimwa Tanzania siku ya uchaguzi Oktoba 2025, hakuna kinachofunguka, changu wala chako.

Hata hivyo tovuti ya mtu mmoja imewahi kufanya kazi kubwa wakati wa giza. Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipopigwa marufuku, Ory Okolloh alikuwa akiandika yanayotokea kwenye ukurasa wake wa Kenyan Pundit. Huko ndiko alikotoa wazo, mwanzoni mwa Januari 2008, kwamba matukio ya fujo yawekwe kwenye ramani. Wenzake wakalipokea, ikazaliwa Ushahidi, tovuti ya ramani hiyo.

Nitoeje vitu vyangu kabla ya kufunga akaunti?

Usifunge kwanza. Facebook, Instagram, TikTok na X zote zina mahali kwenye mipangilio pa kuomba nakala ya taarifa zako. Facebook na Instagram zinakuuliza unataka HTML au JSON. Ukitaka kusoma kwa macho, chagua HTML. Ukiwa na mtu wa kukuandikia programu ya kuhamisha, chagua JSON. Ubora wa picha weka juu. Faili likiwa kubwa, tafuta Wi-Fi, usitegemee bando la usiku.

Ukishashusha, lifungue. Watu wengi wanashusha kisha wanafunga akaunti bila kutazama, baadaye wanakuta picha ziko folda moja na maelezo yake yako faili jingine kabisa, bila mpangilio. Kaa chini uyaoanishe wakati bado posti zenyewe unaweza kuzitazama. Kazi hii inachosha, naikubali, na ndiyo inayokuonyesha ni vingapi kati ya ulivyoweka vinafaa kubaki. Mimi vingi niliviacha.

Kisha funga. Zote hizo nne hukupa siku 30 za kubadili mawazo, ukiingia ndani ya muda huo unaweza kuusitisha ufutaji. Ondoa programu kwenye simu siku hiyo hiyo.

Picha zako zinafunguka haraka. Unafanyaje?

Nazipunguza. Picha ya simu ya kisasa ni megabaiti 3 mpaka 5. Nikiipunguza upana ufike pikseli 1200 na kuihifadhi kama JPEG ya wastani, inabaki kilobaiti 200 hivi, na nyuzi za pindo bado unazihesabu. Msomaji wa Masasi analipia kila megabaiti. Ya asili, kubwa, naiweka kwenye diski.

Mbona hakuna sehemu ya komenti?

Kwa makusudi. Andika barua pepe. Mtu akilazimika kuandika barua, anafikiri kidogo, anasalimia, anajitambulisha. Matusi yamekwisha kabisa. Nzuri naziweka kwenye ukurasa husika, kwa ruhusa.

Huogopi kuibiwa kazi, na hizi roboti za akili bandia zinazokusanya kila kitu?

Kuibiwa kulikuwepo Instagram pia, tena picha zangu zilirudi kwangu zikiwa na nembo ya mtu mwingine. Kuhusu roboti, kuna faili liitwalo robots.txt, utaratibu wa tangu 1994, unaloliandika kuziambia zipi ziingie na zipi zisiingie. Ni ombi tu, roboti isiyo na adabu inapita. Waliochangia hadithi zao nimewaeleza hivyo, na wawili wakaamua majina yao yasionekane.

Kwa nini Kiswahili tu? Kwa Kiingereza ungepata watu wengi.

Majina ya kanga ni ya Kiswahili, na wanaoyajua wanaongea Kiswahili. Pia sisi si wa kwanza. Ndesanjo Macha alikuwa na blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, wakati wengi wetu tulikuwa tunalipia intaneti kwa nusu saa kibandani. Ni yeye aliyemwonyesha njia mpiga picha Issa Michuzi walipokutana Helsinki mwaka 2005, na Michuzi Blog ikawa gazeti la Watanzania walioko ughaibuni kwa miaka mingi.

Ukiandika kwa Kiswahili, usisahau kuiambia brauza. Mwanzoni mwa ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha. Andika "sw". Mitambo ya kutafuta inaelewa, na programu zinazowasomea vipofu hazitayatamka maneno yako kama Kiingereza.

Hupitwi na mambo?

Napitwa. Kuna msemo ulitamba nchi nzima nikaujua umeshachuja. Harusi za watu wa karibu nimealikwa zote.

Ukifa je?

Dada yangu ana bahasha: nywila ya msajili, ya seva, na flashi yenye tovuti nzima. Nimelipia jina miaka kadhaa mbele. Tena kurasa zote zimehifadhiwa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Mtu yeyote anaweza kuiomba ihifadhi ukurasa kwa kubandika anwani yake pale, ni bure. Fanya hivyo hata kwa kurasa za wengine unazozipenda, wengi wao hawana dada mwenye bahasha.

Haya, naanzia wapi?

Anza na kitu kimoja unachokijua kuliko jirani zako. Mapishi ya bibi, ratiba za vivuko, majina ya samaki wa soko lenu, jinsi ya kufungua kabureta ya pikipiki. Andika ukurasa mmoja wenye kichwa, aya tatu na picha moja, uupandishe Neocities bure, jina la kulipia litafuata ukiona umeendelea. Usitengeneze ukurasa wa "tovuti inajengwa", hiyo hukaa hivyo miaka.

Ukimaliza, nitumie anwani. Hapa kuna ukurasa wa majirani, una viungo vya tovuti binafsi za Kiswahili nilizozisoma mwenyewe. Anwani yangu ya barua pepe iko chini ya kila ukurasa, na tafadhali, usinitumie vois noti ya dakika kumi.